Filimbi inayopimwa kwa mkono: niliyosema Jumamosi kwa jumuiya yetu hapa Salt Lake City

Wengi mlikuwa kazini, shifti za wikendi hazina huruma, kwa hiyo naweka hapa yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Pale watu walipocheka mtapajua wenyewe.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, kaka na dada, na nyie vijana mliojibana karibu na mlango ili mkichoka mtoke, habari za jioni. Wakongo mpo? Warundi? Wanyarwanda? Wakenya siulizi, nimeshawasikia. Na Watanzania wenzangu, mmefika kwa wakati leo, mmenishangaza kweli.

Mimi mnanijua, fundi seremala, Mha wa Kigoma, sio mwanahistoria wala mwanamuziki. Nimeombwa niongelee ufundi, nikasema basi niongelee kitu ambacho kinatoka kwenye ardhi hii hii tunayolipia kodi za nyumba. Filimbi ya Waute, wenyeji wa asili wa hapa.

Naanza na swali. Nani hapa ana ile jezi nyekundu ya chuo kikuu cha Utah, iliyoandikwa Utes? Nyoosheni mikono tuone. Eeh, karibu nusu ya ukumbi. Haya, shusheni. Nani amewahi kukaa chini akaongea na mtu wa Kiute? ... Mikono miwili, na mmoja ni wangu.

Mnaona? Jimbo zima limebeba jina lao, timu imebeba jina lao (kwa makubaliano na kabila lenyewe, tuwe wakweli), sisi tunavaa jina kifuani lakini watu wenyewe tunawaongelea kama waliokwisha. Hawajaisha jamani! Wapo, na wana serikali zao tatu. Kuna wa Uintah na Ouray, makao yao Fort Duchesne, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari ukielekea mashariki. Kuna Southern Ute, Ignacio kule Colorado. Halafu Ute Mountain Ute, Towaoc, nao wana kijiji chao upande wetu huku Utah kinaitwa White Mesa, chini kabisa kusini. Hapa bondeni tulipo palikuwa mpakani, Washoshone na Wagoshute nao ni kwao, lakini ukishuka Provo kwenye ziwa la Utah, pale ndio kwa Waute hasa.

Sasa filimbi. Itoeni kwanza kichwani ile ya okestra inayoshikwa kwa pembeni. Hii unaishika mbele, inashuka toka mdomoni kuelekea kifuani, na mdomo wala hauhitaji kufundishwa, unapuliza tu. Mtoto wa miaka mitano akipuliza inalia. Ujanja wote uko ndani ya mti. Mle ndani kuna vyumba viwili, kimoja kifupi karibu na mdomo, kingine kirefu chenye matundu ya vidole, na katikati yao kuna ukuta ambao fundi aliuacha makusudi wakati anachimba. Pumzi yako inaingia chumba cha kwanza inakuta ukuta, haina pa kwenda, inapanda juu kupitia kitundu, inapita juu ya ukuta kwenye mfereji mwembamba mno, halafu inashuka na kugonga ukingo mkali wa kitundu cha pili. Pale kwenye ukingo ndipo sauti inapozaliwa. Mnaijua filimbi ya refa? Kanuni ni ile ile. Ila ya refa imefungwa moja kwa moja toka kiwandani, hii mfereji wake umefunikwa kwa kipande cha mti kilichochongwa, mafundi wengi wanakiita ndege, kimekalia juu na kufungwa kwa kamba ya ngozi, na ukitaka unakisogeza.

Na hapo kwenye ndege ndipo utamu wote. Kikisogea mbele kidogo tu kikaanza kufunika kitundu, sauti inafifia au inagoma kabisa. Kikirudi nyuma sana unasikia upepo mwingi kuliko noti. Kwa hiyo mpigaji kabla hajaanza anakishika kwa kidole gumba na cha shahada, anakisukuma, anajaribu, anakisukuma tena, anakaza kamba. Ukipiga muda mrefu, hasa baridi ya hapa Januari, mvuke wa pumzi unageuka maji ndani ya mfereji na filimbi inakabwa katikati ya wimbo. Unafungua, unapangusa, unafunga, unaendelea. Hakuna aibu.

Mti je? Wengi hapa wanasema mwerezi, na nyie watu wa kanisani mkisikia mwerezi mnawaza Lebanoni. Mwingi wa mwerezi unaosemwa huku ni ukoo ule ule wa mtarakwa, Wakenya mnaujua, ule wa nguzo za fensi na penseli. Ukipasua tu, ndani mwekundu, na harufu inajaa karakana nzima mpaka nguo zako zinanukia siku mbili. Fundi wa zamani alichukua tawi lililonyooka, akalipasua katikati kwa urefu, akachimba kila nusu kwa kisu akiacha ule ukuta, akazirudisha nusu mbili pamoja kwa gundi ya ngozi au utomvu wa miti, akazifunga kwa kano za mnyama. Leo wengi wanatumia mashine na gundi ya dukani, na mimi nikiwemo, maisha ni mafupi.

Matundu yalitobolewa kwa chuma chenye moto. Ukichoma, moshi unapanda, tundu linakuwa jeusi pembeni na laini, vidole vinakaa vizuri. Unaanza na tundu dogo makusudi. Ukilipanua noti inapanda, unapuliza, unasikiliza, unachoma tena kidogo. Ukizidisha umezidisha, mti haurudi. Matundu matano, siku hizi mara nyingi sita, na ngazi yake ni ya noti tano, ndiyo maana wengi wenu mkiisikia mara ya kwanza mnahisi mnaijua, nyimbo nyingi za kwetu bara zinatembea kwa noti tano vilevile.

Lakini nilichotaka mkisikie leo ni hiki: vipimo.

Nilijifunza kwa mzee mmoja wa Kiute. Jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa. Siku ya kwanza nikatoa daftari na futi kamba, nikamwambia mzee nipe vipimo, urefu milimita ngapi, tundu na tundu milimita ngapi. Akaangalia futi kamba, akaniangalia mimi. Akasema lete mkono. Akaulaza mkono wangu juu ya mbao, kwapa mwanzo wa mbao, akaweka alama kwenye ncha ya kidole cha kati. Huo ndio urefu. Akakunja ngumi yangu akaiweka pale ndege atakapokaa, akachora mstari: tundu la kwanza. Halafu kidole gumba changu, kikalala, mstari, kikalala, mstari, mpaka mwisho. Yaani filimbi yote imetoka kwapani mpaka kidoleni kwangu. Futi kamba ikarudi mfukoni.

Mmeelewa maana yake? Mtu mrefu filimbi yake ina sauti nene na ya chini, mtu mfupi kama mimi filimbi yangu inapanda juu. Hakuna mbili zinazofanana. Huwezi kuziweka kumi pamoja mkapiga wimbo mmoja, zitagombana, maana kila moja imesomwa kwenye mwili wa mtu wake. Piano ya kanisani haikupimwa kwa mwili wa mtu yeyote. Na kama kipimo kinakaa kwenye mwili, kinahifadhiwa wapi? Kitabuni? Hapana. Kinahifadhiwa kwa watu. Watu wakiwepo, kipimo kipo. Watu wakiondolewa?... Nitarudi hapo.

Hii filimbi ilikuwa ya nini? Akina baba sikilizeni vizuri. Sio ya tamasha, sio ya ngoma, sio ya kuswagia ng'ombe. Ilikuwa ya kutongozea. (Kelele. Mama mmoja akasema "sema tena".) Narudia: ya kutongozea. Kwa Waute kama kwa mataifa mengi jirani zao wa tambarare, kijana hakuwa na ruhusa ya kumvamia binti wa watu na maneno. Binti yuko na mama yake, na shangazi, na bibi anayejifanya amelala. Basi kijana anatoka jioni, anakaa mbali kidogo na kambi, anapiga. Wengi walikuwa na tuni yao wenyewe, binti anaisikia anajua huyu ni nani na anamlenga nani. Akitaka anapata sababu ya kutoka kwenda kuchota maji. Asipotaka, anaendelea na kazi zake, na kijana ameshapata jibu bila kutukanwa.

Lakini angalieni jambo jingine. Kambi nzima inasikia! Bibi anasikia, wajomba wanasikia. Sio siri. Nyie mnaotuma voisi za saa nane usiku na kuzifuta asubuhi, mngeweza kweli kupiga filimbi mbele ya wajomba zake? Kijana pale nyuma anatikisa kichwa, huyo ni mkweli.

Na msichanganye. Waute wana muziki mwingine wa watu wengi, mkubwa, wenye nguvu, ambao filimbi haihusiki nao. Unaitwa Ngoma ya Dubu, wakati wa kuchipua majani, pale dubu anapotoka usingizini. Wanaeleza kwamba dubu ndiye aliyewafundisha. Ala yake ni fimbo yenye meno meno, inakwaruzwa kwa fimbo nyingine au mfupa, na chini yake kuna kitu cha kukuza sauti, zamani shimo lililofunikwa, siku hizi sanduku refu lenye bati juu, wanaume wanakaa kwa mstari wanakwaruza pamoja na kuimba. Ule mngurumo, ngurumo za kwanza za masika na dubu anayeamka, unausikia kwenye miguu kabla ya masikio. Na tena wana kayamba za ngozi ya nyati zilizotiwa vipande vya jiwe la kwazi (quartz) ndani, ukizitikisa gizani yale mawe yanagongana na kutoa mwanga. Mwanga kabisa. Kila nikilisema hili kuna mtu ananiambia fundi umezidisha, nendeni mkatafute.

Sasa turudi kwenye swali. Watu wakiondolewa?

Wengi wenu mmepita Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Kigoma. Mnajua nyumba nzima inavyoingia kwenye mfuko mmoja, na mnajua nini kinachoachwa. Waute walikuwa na mkataba na Marekani wa 1868, nchi kubwa ya magharibi ya Colorado ikabaki yao. Miaka 11 baadaye, 1879, wakala wa serikali kule White River, Nathan Meeker, alitaka kwa nguvu wawe wakulima, akalima mpaka uwanja wao wa kukimbizia farasi. Mambo yakalipuka, watu wakafa, Meeker mwenyewe akauawa. Magazeti na wanasiasa wa Colorado wakapata walichokuwa wanakitafuta. Mwaka 1881 Waute wa White River na wa Uncompahgre wakaswagwa na jeshi kuvuka kuja Utah. Wale mnaowaona leo Fort Duchesne, wengi ni wajukuu wa safari ile.

Haikuisha hapo. Mwaka 1883 waziri wa mambo ya ndani wa Marekani alikuwa Henry Teller, seneta wa zamani wa Colorado hiyo hiyo. Zikatoka kanuni za makosa ya Wahindi Wekundu, ndivyo walivyowaita. Kucheza ngoma fulani: kosa. Uganga wa jadi: kosa. Mara ya kwanza unaweza kunyimwa posho ya chakula mpaka siku 10, na hawa ni watu waliokwisha kunyang'anywa mawindo. Mwaka 1886 ikafunguliwa shule ya bweni Grand Junction, palepale Waute walipofukuzwa miaka mitano kabla, wakapelekwa watoto wao humo wakasomee Kiingereza na kusahau vingine, na baadaye shule ikapewa jina la nani? La Teller.

Zile kanuni hazikutaja filimbi. Nimeangalia, hazikutaja. Hazikuwa na haja. Kijana yuko bweni la wavulana, binti bweni la wasichana, kengele inagonga, taa zinazimwa, shangazi na bibi wako mbali sana. Utampigia nani? Na nani atalaza mkono wako juu ya mbao?

Kuna kisa kimoja nakipenda sana. Mwaka 1914 na tena 1916 alikuja Whiterocks, hapo Utah mashariki, mama mmoja wa Kimarekani, Frances Densmore, na mashine ya kurekodi kwenye silinda za nta. Alikuwa anarekodi nyimbo za mataifa mbalimbali akihofia zitapotea. Waute mwanzoni walimcheka. Akaenda kwa chifu mmoja, Red Cap, akamweleza. Red Cap akakubali, akamletea waimbaji wake wazuri. Wakaimba. Kazi ilipoisha Red Cap akasema mimi siimbi, lakini hii mashine yako inashika na maneno ya kawaida? Inashika. Basi akakaa mbele ya honi akatoa hotuba nzima kumlalamikia wakala wa serikali, kwa Kiute, akaomba ipelekwe Washington ikasikilizwe na mkuu wa idara ya mambo ya Wenyeji. Na mama akaipeleka. Huyu mzee aliona mashine mara moja tu akajua kazi yake! Wenzake wanaletewa mashine ili wahifadhiwe, yeye anaitumia kudai haki. Sijui kama kuna mtu hapa ameandika barua kwa meneja wa apatimenti yake kwa akili ile.

Filimbi imerudije? Watu wachache, kutoka mataifa mbalimbali. Doc Tate Nevaquaya, Mkomanchi, mchoraji, alizitafuta filimbi za zamani akajifunza kuzichonga na kuzipiga. Halafu R. Carlos Nakai, mwenye damu ya Kinavajo na ya Kiute, amezaliwa Flagstaff 1946. Alikuwa mpiga tarumbeta, amesomea kabisa, ajali ya gari ikamharibu mdomo, tarumbeta ikawa haiwezekani tena. Akaja kuishika filimbi ya mwerezi, mdomo hauhitaji nguvu kama nilivyosema, akajifundisha. Albamu ya kwanza 1983. Moja ya 1989, filimbi peke yake, hakuna gitaa hakuna ngoma, ikafika platinamu Marekani, nakala milioni moja. Milioni, ya mtu mmoja na kipande cha mti.

Nampenda Nakai, asubuhi nikienda kazini ndiye ninayemsikiliza. Ila niseme ninachokiona kama fundi. Filimbi nyingi za leo zimetuniwa kwa mashine ili zikae na piano na gitaa, hazijapimwa kwa mkono wa mtu. Zinasikika spa, zinasikika kwenye video za kufanya yoga. Sio mbaya. Lakini ni ala nyingine, imevaa nguo za ile ya kwanza, na tusiseme ni kitu kimoja.

Na sasa mambo ya pesa, maana mtaenda kununua. Duka moja la zawadi, jina naliacha, niliona filimbi ina karatasi imeandikwa imetengenezwa na Wenyeji, nikageuza chini, stika ya ng'ambo. Marekani kuna sheria ya 1990 kuhusu sanaa za Wenyeji. Ukiuza kitu kwa kudanganya kwamba ni kazi ya Mwenyeji, mtu binafsi kosa la kwanza faini inaweza kufika dola 250,000 na jela miaka mitano. Sheria haikukatazi kuchonga. Chonga. Mimi nachonga, na chini ya kila moja nachoma maneno haya: kazi ya Mha wa Kigoma. Mteja anacheka lakini anajua anachonunua. Ukitaka ya Kiute, uliza imetengenezwa na nani, wa kabila gani, yuko wapi. Mwenye ya kweli anafurahi kuulizwa. Atakayenuna, rudisha pesa mfukoni uondoke.

Mwisho, tangazo, na katibu aandike. Wikendi ya Labor Day, mwanzo wa Septemba, kuna Ngoma ya Dubu kule White Mesa (wao hawaichezi masika), tunapanga kwenda. Ni mbali, zaidi ya saa tano, tutalala njiani. Tukifika, simu mfukoni, hakuna kupiga picha mpaka uulize na ukubaliwe. Kule wanawake ndio wanaochagua: mama anakupitia na pindo la shali yake, basi umechaguliwa, unasimama unaenda kwenye mstari. Hakuna kusema nimechoka. Kuna mtu anaitwa Paka, ana fimbo ya mti, kazi yake ni kuwainua wanaume wanaojificha, kwa hiyo wewe baba unayekaaga na sahani yako kwenye kona kila harusi, nakuonya mapema. Akina dada, shali ni lazima, khanga za kuvaa mabegani tutauliza kwanza kama zinakubalika. Mchango wa mafuta apewe mama mweka hazina kabla ya tarehe 15, taslimu au kwa simu, na wenye gari za watu saba wabaki hapa mbele tuongee.